Simu isiyotoka mlangoni

 

Swali la posho hii limetoka kwa mama mmoja mwenye kuuza sokoni. Asubuhi anaondoka na simu yake, maana simu ile ndiyo duka lake: wateja wanamwita humo, na pesa inaingia humo. Bwana yake pia anaenda kazini na yake. Nyumbani anabaki kambo mwenye ugonjwa wa tansio, pamoja na watoto watatu. Mkubwa wao ana miaka 10. Siku kambo alipoanguka, mtoto alikimbia avenii nzima akitafuta jirani mwenye simu na unite. Sasa mama huyu ameona kwamba kabatini kuna simu ya meza ya zamani, yenye vitufe, iliyoachwa na mkwe wake. Anauliza kama simu ile inaweza kusema tena.

Jibu ni ndiyo. Kuna kisanduku kidogo kinachopokea karti SIM upande mmoja na waya wa simu ya meza upande mwingine. Wafundi wanakiita kwa Kifaransa paserele ya GSM. Lakini kabla ya kutoa faranga hata moja, tuelewe kwanza kinafanya nini, na kama nyumba yako inakihitaji kweli.

SIMU YA ZAMANI ILINYAMAZA KWA NINI

Simu ya meza haikuwa na batri ndani. Nguvu yake ilitoka mbali, kwenye santrali ya posta, ikipita katika nyuzi mbili za shaba. Santrali ilituma umeme wa volti 48 wakati wote. Mtu alipokuita, ilituma umeme mwingine wenye nguvu zaidi, karibu volti 75 hata 90, na huo ndio uliopiga kengele. Kwa sababu santrali ilikuwa na mabatri yake makubwa, simu iliweza kusema hata nyumba ikiwa gizani.

Basi, nyuzi zile zilikuwa za shaba, na sisi watu wa Likasi hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha bei ya shaba. Kable zilichimbuliwa na kukatwa, na zile zilizobaki zilikosa wa kuzitengeneza. Posta iliyoitwa ONPTZ wakati wa Zaire, na leo inaitwa SCPT, haikuweza kushika nyumba zote. Wakati huo huo simu ya mkononi ilikuwa inakuja. Telecel iliianzisha Kinshasa katika miaka ya 1980, lakini ilikuwa ya watu wakubwa tu. Vodacom ilipoanza kazi mwaka 2002, na makampuni mengine nayo yakishindania wateja, simu iliingia hata katika mfuko wa mama wa soko.

Tulishukuru, na tunashukuru hata leo. Lakini kitu kimoja kilipotea pasipo mtu kukiona. Zamani namba ilikuwa ya nyumba: ukiita, anajibu yeyote aliyebaki. Leo namba ni ya mtu, na mtu anapotoka anatoka nayo. Wale wanaobaki, ndio watoto, kambo, dada mwenye mimba na mgonjwa, ndio wanaokaa pasipo simu. Na hao ndio wenye kuihitaji kwa haraka kuliko wote.

KISANDUKU KINAFANYA KAZI GANI

Paserele inachukua nafasi ya santrali ile ya posta. Ndani yake mna simu ya mkononi isiyo na kioo, inayosema na minara ya kampuni kwa karti SIM yako. Ndani yake pia mna santrali ndogo. Inaipa simu ya meza umeme wake, inatoa ule mlio wa kuonyesha kwamba laini iko tayari, inasikiliza vitufe unavyobonyeza, na mtu anapokuita inapiga kengele. Simu ya meza haijui kwamba posta haipo tena.

Kwa hiyo kisanduku kinabeba pia mzigo wa umeme. Santrali ya zamani ilikuwa na mabatri. Sasa batri ni kazi yako. Tutarudi hapo.

NJIA NNE, TUANZE NA ILE NYEPESI

Ya kwanza haihitaji kisanduku. Nunua simu ndogo ya vitufe, ile ya bei ya chini kabisa, uitie SIM yake, uifunge kwa kamba ukutani karibu na chaja, na iwe marufuku kuitoa nyumbani. Kwa nyumba nyingi hiyo inatosha. Tunasema hivyo kwanza ili mtu asichukue pesa ya kitemo akanunua mashini wakati kamba ingefaa. Ubaya wake ni huu: ni nyepesi, mtoto ataifungua kwa ajili ya michezo, kijana ataiazima kwa dakika mbili na kurudi nayo jioni. Tena kambo asiyeona vizuri anaweza kushindwa na vitufe vidogo.

Ya pili ni paserele iliyotengenezwa tayari. Unatia SIM, unachomeka simu ya meza, unachomeka umeme, basi. Ndiyo njia tunayomshauri mama wa soko. Simu ya meza ni nzito na haipotei, kengele yake inasikika mpaka nyuma ya parsele, na sauti yake iko wazi kwa sikio la mzee.

Ya tatu ni kisanduku cha Bluetooth. Hicho hakina SIM. Kinaungana na simu ya mkononi yako ukiwa karibu, na simu ya meza inalia wakati ile ya mkononi inapoitwa. Ni kizuri kwa mtu anayefanya kazi nyumbani. Lakini ukitoka na simu yako, simu ya meza inakufa tena. Kwa shida yetu hakisaidii.

Ya nne ni kujijengea. Kijana aliyesoma elektroniki anaweza kuchukua kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, akaitia programu ya bure inayoitwa Asterisk, ambayo Mmarekani Mark Spencer aliianza mwaka 1999. Kisha anaongeza modemu ya USB yenye SIM, ya aina inayokubali sauti, pamoja na adapta ya kuunga simu ya meza. Njia hii inaweza mengi: kuchagua namba zinazoruhusiwa, kuandika kila mwito, hata kuweka simu kadhaa katika shule au kituo cha afya. Lakini kila kipande kinahitaji umeme, na kijana akihamia Lubumbashi hakuna wa kuitengeneza. Kwa nyumba moja ni kazi nyingi. Kama mtoto wako anataka kujifunza, mwache ajifunze. Ila maisha ya kambo yasitegemee jaribio lake la kwanza.

UKIENDA KUNUNUA

Vitu vingi vya namna hii vinauzwa vikiwa vimetumika mahali pengine. Uliza haya mbele ya kutoa pesa:

Kinapokea karti SIM? Kuna simu za meza zisizo na waya wa nje, za mtindo wa CDMA, ambazo hazikujengwa kwa SIM za kwetu. Zina sura nzuri, lakini utakaa nazo kama pambo.

Kinashika mawimbi ya hapa? Mtandao wetu wa GSM unatumia megahezi 900 na 1800. Kisanduku cha Amerika chenye 850 na 1900 peke yake kitabaki kimya.

Hakikufungwa na kampuni nyingine? Chukua SIM yako mwenyewe, itie pale pale dukani, na uite.

Chaja yake inakubali volti 220? Ile ya volti 110 itaungua siku ya kwanza.

Kinaelewa simu ya kuzungusha? Simu ya vitufe inatuma milio, na karibu kila kisanduku kinaielewa. Simu ya duara ya kuzungusha inakata laini mara 10 kwa sekunde: namba 3 ni mikato 3, na sifuri ni mikato 10. Visanduku vingi havijui kuhesabu mikato ile. Simu ya namna hiyo inaweza kulia na kupokea, lakini haiwezi kuita.

Kinaweza kupiga kengele za simu ngapi? Kengele za zamani za chuma zinakula nguvu kuliko mlio wa simu za sasa. Anza na simu moja.

KUKIWEKA NYUMBANI

Bati la paa linazuia mawimbi. Usikifiche kabatini wala nyuma ya friji. Kiweke juu, karibu na dirisha, upande ambao simu ya mkononi yako inashika vizuri. Jaribu sehemu tatu au nne kabla ya kupiga msumari. Kama kwenu mtandao ni dhaifu, tafuta kisanduku chenye nafasi ya kufunga antena ya nje, na waya wa antena uwe mfupi.

Kama nyumba ina nyuzi za simu za zamani ukutani, unaweza kuzitumia ili simu ikae chumbani kwa kambo na kisanduku kikae dirishani. Lakini kwanza fundi akate kabisa nyuzi zinazotoka nje kwenda barabarani. Kisanduku kisiunganishwe kamwe na laini ya nje. Kinaweza kuungua, na radi inaweza kuingia kwa njia ile.

Juu ya radi, mnajua mvua zetu kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4. Ngurumo ikisikika karibu, chomoa chaja na antena ya nje, na usiseme kwenye simu yenye waya mpaka ipite. Tena fundisha watoto wasiguse nyuzi zilizo wazi. Simu inapolia, umeme ule wa kengele unarusha mkono.

Sasa tuhesabu umeme, maana SNEL haitupi wakati wote. Tuseme kisanduku chako kinakula wati 4. Angalia kwenye kibandiko chake. Kwa saa 24 ni wati-saa 96. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 18 ina wati-saa 216. Batri za risasi hazipendi kumalizwa, basi tumia nusu yake tu, ndio wati-saa 108. Hiyo inashika siku moja, usiku na mchana, pasipo umeme. Pano ya jua ya wati 50, ikipata saa 4 za jua kali, inarudisha wati-saa karibu 200 kabla ya hasara za njiani. Siku za mvua itakuwa chini ya hapo.

Angalieni jambo moja: batri ya volti 12 inapochajiwa inapanda kupita volti 14, na kisanduku kinachotaka 12 kamili kinaweza kuharibika. Fundi aweke regulateri kati yao, na fyuzi karibu na batri.

SIM, UNITE NA SHERIA

Nunua SIM mpya kwa ajili ya nyumba, na iandikishwe kwa jina la mtu mzima wa nyumba, akiwa na karti yake ya uchaguzi mkononi. Usitie humo SIM yenye pesa yako ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Simu ya nyumba inashikwa na kila mtu, na simu ya meza haionyeshi ujumbe. Mara nyingi hata kuangalia unite zilizobaki kunahitaji kutoa SIM na kuitia katika simu ya mkononi kwa dakika moja.

Tia unite kidogo kidogo. Simu hii ni ya kupokea na ya kuomba msaada. Masolo marefu yabaki kwenye simu zenu. Lakini usiiache miezi mingi pasipo kuiongezea, maana kampuni inafunga namba isiyotumika na kumpa mtu mwingine. Uliza kampuni yako muda wake ni gani, uuandike ukutani.

Sasa neno zito. Kuna watu wanaotembea na visanduku vinavyofanana na hiki, lakini vyenye SIM nyingi. Wanapitisha humo miito inayotoka ngambo ili ionekane kama miito ya hapa, na kukwepa malipo ya serikali na ya makampuni. Ni kosa la sheria. Inchi yetu ina ARPTC ya kusimamia mambo ya simu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na sheria mpya ya simu ilitoka tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020. Mtu akikujia na kusema atakulipa kila mwezi ili tu uweke kisanduku chake chumbani na kukipa umeme, kataa. Siku ya msako, nyumba ni yako na jina ni lako. Yeye hatakuwapo, na wewe ndiwe utakayelala buloko. Kisanduku chako kiwe na SIM moja, ya jina lako, kwa miito ya nyumba yako.

MFUNDISHE ANAYEBAKI

Mashini ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtoto na kambo.

Simu ya meza haina alama ya +. Namba za hapa zinaanza na 0, kisha tarakimu 9. Ukimaliza kubonyeza, kisanduku kinangoja sekunde chache kabla ya kuita. Mtoto asiyejua atadhani imekufa na kuweka chini. Kwenye visanduku vingi, kubonyeza # mwishoni kunakifanya kiite mara moja.

Uliza kama kisanduku chako kinaweza kuita namba moja chenyewe. Unaandika namba ya mama ndani yake. Kambo akiinua simu pasipo kubonyeza kitu, baada ya sekunde chache inamwita mama. Kwa mzee ambaye mikono inatetemeka, jambo hilo peke yake linastahili bei ya mashini.

Andika namba 4 kwa herufi kubwa juu ya karatasi, uibandike ukutani: mama, baba, jirani wa karibu, na kituo cha afya mnachotumia. Kisha mfanye zoezi. Posho kwa posho, mtoto ainue simu, aite, aseme jina lake, avenii na namba ya parsele, na kilichotokea. Mtoto anayejua wimbo mzima wa redio anaweza kujua tarakimu 10 za mama yake.

Tena msisahau: mnara wa kampuni ukikosa umeme au unite zikiisha, hata kisanduku kizuri kinanyamaza. Jirani mwema bado ana kazi yake. Mtoto ajue pia mlango wa kugonga.

KWA VIKUNDI VYETU

Wanawake wengine walitutangulia katika njia ya namna hii. Mwaka 1997 huko Bangladesh, Grameen iliwapa wanawake wa vijijini mikopo midogo wanunue simu ya kijiji, na majirani walilipa kwa kila mwito. Mwaka 2003 mpango huo ulifika Uganda pamoja na MTN, na simu, antena na batri ya gari vikaenda vijijini ambako mtandao wa kawaida haukufika vizuri. Mama wengi walipata faida. Kisha simu za mkononi zikawa rahisi, kila jirani akapata yake, na biashara ile ikapungua.

Tunajifunza hapo mambo mawili. La kwanza, wanawake waliweza kuendesha mashini, batri na hesabu yake bila kungoja injinia. La pili, msinunue paserele kwa ndoto ya kuuza miito. Kabini za unite ziko kila kona. Nunueni kwa sababu kuna mtu anayebaki nyumbani peke yake.

Kikundi kinaweza kufanya hivi. Kwenye mkutano ujao, kila mama aseme nani anabaki nyumbani kwake mchana, na kwa simu gani. Hesabuni parsele ambazo jibu ni hakuna. Wenye shida nyepesi waanze na simu ndogo ya kamba. Kwa nyumba yenye mgonjwa au mama mwenye mimba, zamu ya kitemo inaweza kununua kisanduku kimoja, kikajaribiwa mwezi mzima pale kabla ya kununua cha pili. Namba ya nyumba ile ipewe majirani wote wa avenii, ili nao wajue wapi pa kuomba mwito usiku.

Mkiisha kuhesabu, tuandikieni mmepata parsele ngapi. Na simu ya meza iliyo kabatini msiiuze kwa wanunua shaba mpaka fundi ameijaribu.

Mbaki na amani, mpaka posho ijayo.